Plasta Juu ya Kitufe Chekundu

Nilikuwa nakata kitambaa cha mteja nilipomsikia Mzee wa Picha, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akimuuliza muuzaji wa kamera, "Na video yake iko aje? Sauti inaingia safi, ama inaingia na upepo?" Mkasi ulienda kombo. Kitambaa kile niliishia kukishona vilemba, na mteja nikamkatia kingine.

Ungemjua yule mzee ungeshtuka pia. Miaka yote niliyouza nguo kando ya studio yake hapa Isiolo mjini, neno video halikuingia mlangoni kwake. Kamera yake ya mwisho, kama zote za siku hizi, ilikuja na kitufe chekundu cha kurekodia. Siku aliyoileta alikuja dukani kwangu kuomba plasta, ile ya kidonda, nami nikadhani amejikata. Akachana kipande, akakibandika juu ya kile kitufe, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika. "Sasa imepona," akasema, akarudi kazini.

Namweleza kama nilivyomjua, yaani kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba na yeye hakuwa mtu wa kunong'ona. Asubuhi alinisalimia "habari ya asubuhi, Mama Kendi" kwa sababu mimi ni Mkristo, nami nilimjibu "aleikum salaam" kwa kumchokoza. Alikasirika kidogo kila siku, na kesho yake alinisalimia vilevile.

Neno lake lilikuwa "tayari". Hakumpiga mtu picha kabla ya kumuuliza, na akishauliza alingoja ajibiwe. Aliuliza kwa Kiswahili, kwa Kiborana, kwa Kisomali, kwa Kiturkana, na kwa Kimeru kibaya ambacho nilikisahihisha mpaka nikachoka. Mtumishi wa serikali aliyekuja mbio kutafuta picha ya kitambulisho cha kazi aliulizwa. Mtoto mchanga aliulizwa, na mama yake akajibu kwa niaba yake. Mfugaji mmoja kutoka Kipsing alikuja na mbuzi aliyempenda, akitaka wakae pamoja kwenye picha, na haki ya Mungu nilimsikia mzee akimuuliza mbuzi.

Kuna siku aliletwa bibi mmoja, mzee sana, wajukuu wakitaka picha yake kabla hajarudi kwao Leparua. Mzee akauliza, tayari? Bibi akasema bado. Wajukuu wakamwambia mzee apige tu, bibi hataona tofauti. Hakupiga. Alisimama na kamera usoni, mikono imeinuliwa, mpaka chai yangu huku ikapoa. Mwishowe bibi akavuta shuka yake ikakaa anavyotaka, akasema haya. Ile picha ilitundikwa dirishani, na watu walisimama barabarani kuitazama.

"Mtu akisema bado, unangoja," aliniambia baadaye, akijikanda mikono. "Picha ni ya mwenye kupigwa. Yeye ndiye anakupea. Video haipewi na mtu. Video inachungulia."

Nilimcheka, maana mdomo wake ulikuwa video tosha. Mteja akija kuchukua picha yake, mzee hakuweza kuikabidhi hivi hivi. Lazima amsimulie kilichotokea kabla: jinsi baba yake alivyogombana na kola ya shati, jinsi mtoto alivyotaka kutapika, jinsi kuku alivyopita mbele. Aliigiza sauti zote. Watu walitoka pale wameshika karatasi moja na vichekesho vya mwezi mzima. Nikamwambia, wewe mzee unauza picha halafu unaongeza video bure. Hakupenda kabisa. Na mpira ukionyeshwa kwenye hoteli ya kona, alisimama mlangoni kungoja bao lirudiwe polepole, akipiga kelele kuliko vijana. Nilipomuuliza kama huko si kuchungulia, alisema wachezaji walijua wanatazamwa.

Basi mji ukaanza kutaka kitu kingine. Ng'ambo ya barabara akaja mwanamke mmoja aliyetoka kufanya kazi Meru, akafungua chumba chenye pazia jeusi na spika, na sote tukamwita Dada wa Video. Mzee alimsalimia kwa kuinua mkono kutoka upande wetu, lakini kuvuka hakuvuka.

Yule mfugaji wa Kipsing wa mbuzi ndiye aliyenifungua macho. Alirudi msimu mwingine, safari hii na fahali wa kuuza. Mnunuzi wake alikuwa mbali, akitaka kumwona kwenye simu kabla ya kusafiri. Mzee akampiga picha nzuri sana, fahali kasimama, nundu juu, jua limekaa ubavuni. Mfugaji akaitazama, akatingisha kichwa.

"Mzee, hii ni picha. Mimi nataka atembee."

"Kwa nini atembee? Si anaonekana?"

"Ng'ombe akisimama huwezi jua mguu yake. Yule mtu ataniuliza, anatembea aje? Picha yako inaficha mguu mbaya."

"Sasa ng'ombe yako iko na mguu mbaya?"

"Hapana. Ndiyo nataka aone."

Mzee alirudisha kamera mkobani. Mfugaji akavuka barabara na fahali wake, magari yakipiga honi, na Dada wa Video akamrekodi akitembea kwenda na kurudi mbele ya maduka. Sote tulitazama. Mzee alitazama pia, kutoka nyuma ya pazia lake la dirisha, akidhani simwoni.

Muuzaji wa kamera alikuwa akipanda kutoka Nairobi mara chache kwa mwaka, kijana mwenye viatu vinavyong'aa ambavyo vumbi letu lilivimaliza kabla ya saa sita. Kila akija walibishana, nami niliacha cherehani ili nisikie.

"Mzee, picha ya kusimama hata simu inapiga," muuzaji alikuwa akisema. "Huyu mtengenezaji na yule wanagombania nani? Wanagombania mtu ambaye tayari ana simu mfukoni. Akiingia dukani, swali la kwanza ni video. Kampuni ikikosa video nzuri, kamera zake zinabaki kwa rafu. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kuiacha."

"Kwa hiyo mimi nikienda kununua ng'ombe niulize kama anabeba maji kama ngamia?"

"Kama jirani anauza ng'ombe anayebeba maji, utauliza."

"Sitauliza. Nataka maziwa."

Mimi nilikuwa upande wa muuzaji, na nilisema hivyo kupitia ukutani. Anayeuza nguo anajua jambo hili. Mwanamke akija kununua dera, ataniuliza kama rangi hii inafaa harusi, kama inafaa msiba, kama akinenepa itafunguka pembeni. Huenda hatanenepa. Lakini anataka asije akasimama mbele ya kioo siku moja akasema ningejua. Mtengenezaji wa kamera anayetia kitufe chekundu hauzi video tu. Anamwondolea mtu hofu ya kuja kujuta. Nilimwambia mzee hivyo. Akajibu kwamba yeye hajawahi kujuta picha hata moja, na ninyamaze nishone.

Alikuwa na haki ya kuringa, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya watu wawili. Mkewe ndiye aliyeshika mwavuli. Ulikuwa mwavuli mweupe mkubwa, na bila huo huwezi kumpiga mtu picha kwenye jua la Isiolo asionekane na mashimo meusi badala ya macho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo kama ya mtu aliyetoka usingizini. Alijua kivuli kinapotaka kuangukia kabla mumewe hajasema. Na kwenye harusi za Waislamu, wakifika kwenye hema la wanawake, mambo yaligeuka: mzee alimvulia kamera, akamvisha shingoni, akachukua mwavuli yeye, akabaki nje. Mkewe aliingia ndani peke yake. Picha alizopiga huko alizichapa mwenyewe, mlango wa studio umefungwa, akazifunga kwenye bahasha na kumpelekea mama wa bibi harusi. Mzee hakuziona hata moja. Nilimuuliza kama haoni hamu ya kuzitazama, akanitazama mimi mpaka nikarudi kwenye cherehani.

Harusi ya mtaa wa Kiwanjani ndiyo iliyovunja kila kitu. Kamera ilikuwa ile mpya, ya plasta. Mzee alikuwa ameziba kitufe chekundu, lakini hakujua kwamba juu ya kamera kuna gurudumu dogo, na gurudumu hilo likigeuka kwenye upande wa video, hata kitufe cha kawaida cha picha kinakuwa cha kurekodi. Likageuka ndani ya mkoba. Mkewe akaingia hemani, akauliza tayari, wanawake wakajibu tayari, akabonyeza. Hakusikia mlio. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba kamera mpya ina heshima, haipigi kelele, naye akaamini. Kwa hiyo alipobonyeza mara ya kwanza kamera ilianza kurekodi, na alipobonyeza tena ikakoma. Aliendelea hivyo mpaka jioni, anaanza bila kujua na kukoma bila kujua.

Kesho yake alijifungia studio kuchapa. Nilimsikia akiita jina la Mungu polepole. Alikuja dukani kwangu bila viatu. "Mama Kendi," akasema, "hakuna picha. Hakuna hata moja. Kuna miguu."

Nilishtuka, nikamsogezea kiti. Harusi ya mtu, binti wa kwanza wa nyumba ile, na upande mzima wa wanawake hauna picha. Kila alichorekodi kilikuwa kile kipande cha katikati: wanawake wamekaa vizuri kidogo tu, halafu wanalegea, kamera inashushwa inaning'inia kifuani, inatazama mkeka na miguu yenye hina, na watu wanapiga soga. Halafu inainuliwa, anauliza tayari, wanajibu, na hapo hapo inakatika. Alipotaka kupiga ndipo ilipoacha.

Mzee hakumgombeza. Alikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi, akasimama langoni na mwavuli umefungwa, akaomba msamaha mbele ya majirani. Yule mama alikasirika vya kutosha, lakini alisema jambo moja la maana: kadi ya kamera ile ina wanawake waliojifunua, mwanamume asiitazame. Mzee akaifunga kwa plasta, akaitia ndani ya kopo la majani ya chai, na kopo akaliweka juu ya kabati. Lile gurudumu nalo akalipiga plasta. Mkewe hakushika kamera tena. Alirudi kwenye mwavuli, na harusi za hema zote zikavuka barabara kwenda kwa Dada wa Video.

Studio ilianza kuwa kimya. Halafu mkewe akaugua, na kwa ugonjwa ule hatukumaliza hata msimu mmoja wa mvua naye.

Hapa ndipo niliposhtuka kuliko siku zote. Baada ya mazishi watoto wake waliokuja kutoka mbali waliomba picha ya mama yao. Tukaingia studio, mimi na wao, tukatafuta. Isiolo yote ilikuwa mle ndani. Wachungaji wa kanisa, mashehe, wauzaji wa miraa, machifu, wanafunzi, fahali, mbuzi. Mama yao hakuwamo. Alikuwa mkono pembeni mwa picha ya mtu mwingine, au ukingo mweupe wa mwavuli juu ya kichwa cha fulani. Ilipatikana ile ya kitambulisho tu, ambayo amekaza uso kama anayedaiwa. Binti yake akaishika, akasema, "Huyu si mama. Mama anaongea." Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akatoka nje, akakaa juani bila kofia.

Niliumia kwa ajili yake, na nilimkasirikia pia. Mtu amewangoja watu wote wa mji huu mpaka wakawa tayari, na aliyekuwa kando yake hakumuuliza hata siku moja.

Sasa turudi siku ile ya mkasi. Muuzaji alikuwa amefungua sanduku, na mzee hakuuliza lolote juu ya picha. Aliuliza sauti tu. Ikiwa mtu anaongea nyuma ya kamera, atasikika? Akiongea polepole? Akiwa na sauti ya kukwaruza? Muuzaji naye alibabaika, akasema ndiyo, ndiyo mzee, kuna hata mahali pa kuchomeka maiki. "Niachie mpaka jioni," mzee akasema.

Muuzaji alipoenda kula, mzee aliingia dukani kwangu. Alikuwa na kamera yake ile ya plasta mkono mmoja, kopo la chai mkono wa pili, na mwavuli kwapani.

"Habari ya mchana, Mama Kendi. Uko na nafasi?"

Sikumchokoza. Nilimwambia akae.

"Yule bibi harusi wa Kiwanjani alikuja jana," akasema. "Ako na mtoto sasa. Ameniuliza kama ile kadi bado iko. Anasema mwanamke aiangalie. Kama kuna kitu kizuri chake, apewe. Ingine yote ifutwe. Ni haki yake."

"Na wewe unataka nini?"

Akalitazama kopo. "Mama watoto ako ndani. Bibi harusi ameniambia. Kabla nifunge kadi, mama watoto alimwonyesha kidogo, na sauti yake inasikika."

"Na hii miaka yote hukujua?"

"Ningejua aje? Sikuuliza. Hiyo ni hema ya wanawake. Siwezi ingia tu kwa sababu bibi yangu ako ndani."

Nilitaka kumpigia kelele, nikalichukua kopo. Nikafungua plasta, ilikuwa imekauka na kushikana, nikatia kadi kwenye kamera. Kisha nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Yeye alibaki nje kwenye stuli, mgongo umegusa pazia, naona umbo la mabega yake kwenye kitambaa.

Nikawasha. Wanawake wakatokea wamekaa wima, wakalegea, picha ikaanguka kwenye mkeka. Halafu sauti yake ikajaa kile kijumba. Ilikuwa ileile, kama ametoka usingizini. Alikuwa akimwambia mtu asogee, amekalia shela ya bibi harusi. Mabega ya nje yalishtuka. Nami nilishtuka, ingawa nilijua kinachokuja. Picha ya mtu aliyekufa nimezoea kuiona. Sauti yake sikuizoea.

Nikafungua vipande kimoja baada ya kingine. Aliongea juu ya wali, juu ya joto, juu ya mtoto wa nani anafanana na nani. Kila kipande kiliisha kwa "tayari?" na sauti za wanawake kumjibu. Kufika katikati, mwanamke mmoja akamuuliza, "Na mzee wako ako wapi?"

"Ako nje kwa jua. Nimemwachia mwavuli."

Wakacheka. "Anajua kushika?"

"Hajui. Anaushika kama fimbo ya ngamia. Nikitoka hapa nitapata kivuli iko kule na yeye ako huku."

"Uwongo," mzee akasema nje ya pazia, kwa sauti kubwa.

Na kwenye kamera mkewe akasema, "Ukimuuliza atakataa."

Nusura kamera initoke mikononi. Wale wanawake waliendelea kucheka ndani ya kiganja changu, kicheko kirefu, na mkewe akacheka nao mpaka akakohoa. Halafu mkeka ukaondoka, uso wa bibi harusi ukaja umejaa dhahabu na jasho, na ile sauti ikauliza, "Tayari?"

Ikakatika. Hicho kilikuwa cha mwisho. Nikafungua sehemu ya kufuta, kamera ikaonyesha swali lake, nifute au nisifute, na kidole changu kilikuwa pale pale.

"Bado," akasema mzee.

Nikatoa kidole. Sheria ilikuwa yake, na mimi niliisikia kupitia ukutani maisha yangu yote ya biashara. Nikangoja. Wateja wawili waliingia, wakatutazama, mzee kwenye stuli na mimi nyuma ya pazia, wakatoka bila kuuliza bei.

Alipoanza kuvuta pumzi sawasawa nilimwambia kwamba sauti inaweza kutolewa peke yake, picha zikafutwa zote, ila mimi siwezi kazi hiyo. Anayeweza ni mwanamke, kwa hiyo hakuna sheria itakayovunjwa. Nikampigia simu bibi harusi. Alisikiliza, akasema apewe uso wake wa kipande cha mwisho, mzee aichukue sauti ya mkewe, za wengine zifutwe, na nimsalimie.

Mzee alisimama. Alirudisha kadi kwenye kopo, akafunga kifuniko, akachukua mwavuli. Mlangoni aliufungua, akauinua, akautazama ulivyokaa juu yake, akausogeza kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo mtu angesimama. Kisha akavuka barabara. Dada wa Video alikuwa amekaa nje akipepea. Alipomwona ni nani anayekuja, aliinuka na kuangusha kiti.